Orodha, Vitanda na Vipaza Sauti: Historia Fupi ya Kupanga Makongamano

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa Nakuru nikisimamia mfumo wa usajili wa kongamano la shirika moja lisilo la kiserikali, na yaliyonipata huko yamenifanya nisome historia kuliko nilivyowahi kusoma nikiwa chuoni. Kwa hiyo leo sitaandika juu ya programu mpya wala simu mpya. Nataka tuongee kuhusu kazi ambayo wengi wetu tunaoandika programu tunaidharau: kupanga mkutano wa watu wengi wasio na pesa nyingi, na kuhakikisha kila mmoja amefika, amekula, amelala na amesikika.

Kwanza niwasimulie aibu yangu.

Shirika lile lilikuwa limewaalika wajumbe 320 wa vikundi vya akina mama wakulima kutoka kaunti mbalimbali. Niliombwa nitengeneze mfumo wa kuwasajili. Niliutengeneza kwa wiki mbili na, semeni ukweli, nilijipongeza. Mjumbe anajaza fomu kwenye mtandao: jina, nambari ya simu, kaunti, chakula asichokula. Mfumo unampangia kitanda, unamchapishia beji, kazi imekwisha. Katika hifadhidata nilitumia nambari ya simu kama ufunguo wa kumtambulisha kila mtu. Kwa wasio wataalamu, maana yake ni kwamba kila nambari ya simu ina mtu mmoja tu, na kila mtu ana nambari yake. Nilidhani ni jambo lisilo na mjadala. Nani hana simu siku hizi?

Kumbe vikundi vingi viliandikisha wanachama wao kupitia kwa katibu, kwa simu moja, ya katibu. Kila alipoingiza jina jipya kwa nambari ile ile, mfumo wangu haukulalamika. Ulifuta jina lililotangulia ukaandika lililofuata. Asubuhi ya siku ya kwanza wanawake 43 walifika mezani pangu na mabegi yao, na hawakuwemo. Hawana beji, hawana kitanda, hawana hata kikombe cha chai, kwa sababu chai nayo ilitolewa kwa beji.

Mmoja wao, mama wa rika la nyanya yangu, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Kwale. Alinitazama nikibofya hapa na pale, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani hiyo mashine yako inasema mimi sikuja?"

Sikuwa na jibu.

Aliyetuokoa ni karani mmoja mstaafu aliyekuwa akijitolea pale. Alikuja na daftari la shule na rula, akawasukuma watu kwenye viti vya kivulini, akaagiza chai iletwe bila beji. "Kijana," akaniambia, "kwanza mtu aketi na anywe chai. Jina lake halikimbii." Kisha akapiga mistari mitatu kwenye ukurasa: jina, anakotoka, anakolala. Baada ya saa moja na nusu kila mama alikuwa na mahali pa kulala, ingawa wengine ni godoro sakafuni. Jioni nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema mwaka wa 1985, akiwa msichana aliyetoka tu kusomea upigaji chapa, alijitolea kwenye kongamano kubwa la akina mama katika Chuo Kikuu cha Nairobi. "Huko ndiko nilijua orodha ni kitu cha kuogopwa," akasema, akaendelea na chai yake.

Nikarudi Nairobi nikaanza kuchimbua. Haya ndiyo niliyoyapata.

Neno moja kwenye tangazo

Tuanzie mbali kidogo, London, Juni 1840. Shirika la Waingereza la kupinga utumwa liliitisha kongamano la dunia nzima katika ukumbi wa Freemasons' Hall. Ni mojawapo ya mikutano ya kwanza ya kimataifa iliyoandaliwa na wanaharakati badala ya wafalme na mabalozi. Tangazo la kwanza liliwaalika marafiki wa mtumwa kutoka kila taifa. Halikusema mwanamume wala mwanamke. Vyama vya Marekani, ambavyo vilikuwa na wanawake wachapa kazi, vikasoma tangazo lilivyo na kuteua wanawake miongoni mwa wajumbe wao. Waandalizi waliposikia hivyo walitoa tangazo la pili kufafanua kwamba walimaanisha wanaume.

Wanawake wakaja vile vile. Lucretia Mott alivuka Bahari ya Atlantiki akiwa na barua yake ya ujumbe. Siku ya ufunguzi, tarehe 12 Juni, muda mwingi uliliwa na mjadala kama wanawake hao wahesabiwe wajumbe au la. Wakakataliwa. Waliketishwa sehemu iliyotengwa, wasikilize bila kusema wala kupiga kura. William Lloyd Garrison, ambaye meli yake ilichelewa, alipofika siku chache baadaye alikataa kiti cha mjumbe akaenda kuketi na wanawake.

Mimi nikisoma hivyo naona fomu. Naona mtu aliyeandika fomu bila kufikiria nani ataijaza, kisha akaongeza sharti baada ya watu kuwa safarini. Tofauti yao na mimi ni kwamba wao walijua walichokuwa wakikataa. Mimi sikujua. Lakini kwa mama wa Kwale aliyesimama mezani, tofauti hiyo ilikuwa na faida gani?

Hadithi hiyo ina mkia. Miongoni mwa waliotazama mambo yale alikuwamo Elizabeth Cady Stanton, mke mpya wa mmoja wa wajumbe. Miaka minane baadaye, Julai 1848, yeye na Mott na wenzao waliitisha mkutano wao wenyewe katika mji mdogo wa Seneca Falls, jimbo la New York, kudai haki za wanawake. Waliuandaa kwa siku chache tu, kwa tangazo la gazetini. Stanton alisimulia baadaye kwamba asubuhi ya siku ya kwanza walifika wakakuta kanisa limefungwa, ikabidi mpwa wake ainuliwe apitie dirishani kuwafungulia. Watu wapatao 300 wakaingia. Yeyote aliyewahi kumtafuta mlinzi mwenye funguo za ukumbi saa moja asubuhi atanielewa nikisema nilicheka peke yangu.

Fundi wa mbao na gari moshi

Mwaka mmoja baada ya lile kongamano la London, fundi wa mbao aliyekuwa pia mhubiri wa Kibaptisti, jina lake Thomas Cook, alikuwa akitembea kwa miguu kuelekea Leicester kwenye mkutano wa watu wanaopinga ulevi. Safari ilikuwa ndefu na njiani akawaza: reli mpya imepita karibu, kwa nini shirika la reli lisitupe gari moshi zima kwa bei nafuu? Aliomba, akakubaliwa. Tarehe 5 Julai 1841 watu wapatao 500 walisafiri kutoka Leicester hadi Loughborough, karibu kilomita 18, kwenda na kurudi kwa shilingi moja kila mtu, kuhudhuria mkutano wa kupinga pombe.

Angalieni alichokifanya. Hakubuni injini wala reli. Alibuni orodha: watu 500 wanaotaka kwenda mahali pamoja siku moja, waliolipa bei moja iliyojulikana mapema. Ukiwa na orodha ya namna hiyo unaweza kuzungumza na mwenye gari moshi, mwenye hoteli na mpishi, nao watakusikiliza. Kutoka kwa safari ile ya hisani ilizaliwa kampuni ya utalii iliyodumu karibu miaka 180. Ilipoanguka tarehe 23 Septemba 2019, wasafiri wa Uingereza wapatao 150,000 walikuwa nje ya nchi na ilibidi serikali iwarudishe nyumbani. Hata hapo, kazi ya kwanza ilikuwa kujua nani yuko wapi na anarudi lini. Orodha tena.

Kusikika kwa lugha yako

Mtu akishafika na kuingia, bado kuna kusikia na kusikika. Zamani, katika mikutano ya Ushirika wa Mataifa huko Geneva, msemaji alimaliza hotuba kisha mkalimani akasimama na kuirudia yote kwa lugha nyingine. Mkutano ukawa mrefu maradufu. Katika miaka ya 1920 tajiri mmoja wa maduka huko Boston, Edward Filene, alichoshwa na jambo hilo, akashirikiana na mhandisi Gordon Finlay kutengeneza njia ya mkalimani kusema chini kwa chini huku hotuba ikiendelea, na wasikilizaji wakimsikia kwa vipokea sauti vya masikioni. Mfumo ulijaribiwa Geneva kwenye mikutano ya Shirika la Kazi la Kimataifa. IBM ikauchukua na kuuendeleza.

Jaribio kubwa lilikuja Novemba 1945, kesi za Nuremberg zilipoanza kwa lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. IBM ilikopesha vifaa bila malipo. Kitu kilichonivutia ni taa mbili zilizowekwa mbele ya msemaji. Ya njano ikiwaka, punguza kasi, mkalimani ameachwa nyuma. Nyekundu ikiwaka, nyamaza kabisa. Katika ukumbi uliojaa majaji na mawakili, mkalimani alikuwa na uwezo wa kusimamisha kila mtu. Huo ndio ubunifu mzuri wa mfumo: yule anayebeba mzigo mzito kuliko wote ndiye anayeshika breki.

Vifaa vya namna hiyo ni ghali, na wakalimani ni ghali zaidi kwa sababu hufanya kazi wawiliwawili wakipokezana, maana baada ya nusu saa hivi akili huchoka. Mashirika maskini yalikuwa yakichagua: ama Kiingereza kitupu, ama deni. Ndiyo sababu mnamo 2002, kwa ajili ya Jukwaa la Kijamii la Ulaya huko Florence, ulianzishwa mtandao wa wakalimani wa kujitolea uitwao Babels. Na Jukwaa la Kijamii la Dunia lilipofanyika Mumbai Januari 2004, ulitumika mfumo uitwao Nomad uliojengwa kwa programu huria: sauti ya mkalimani inageuzwa kuwa data, inapita kwenye mtandao wa kompyuta, kisha inarushwa kwa masafa ya FM ili mjumbe aisikilize kwa redio ya kawaida. Redio! Chombo ambacho bibi yako anacho jikoni.

Nairobi, Julai 1985

Sasa turudi nyumbani. Nairobi ilikuwa na uzoefu wa wageni. Jumba la KICC lilifunguliwa mwaka wa 1973, na Septemba mwaka huo huo likapokea mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwishoni mwa 1975 lilipokea mkutano mkuu wa tano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ambao awali ulipangwa kufanyika Jakarta ukahamishiwa Nairobi. Yeyote aliyewahi kuhamisha mkutano kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine mtaani atafikiria kidogo maana ya kuhamisha mkutano wa dunia kutoka bara moja hadi jingine.

Lakini ya 1985 yalikuwa makubwa zaidi. Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa ulikuwa unafika mwisho. Mkutano rasmi wa serikali, wenye wajumbe wa nchi 157, ulifanyika KICC kuanzia tarehe 15 hadi 26 Julai, na Margaret Kenyatta akachaguliwa kuwa rais wake. Sambamba na huo, kuanzia tarehe 10 hadi 19 Julai, mashirika yasiyo ya kiserikali yalifanya kongamano lao, Forum '85, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwitishaji wake alikuwa Nita Barrow wa Barbados, muuguzi kwa taaluma, ambaye baadaye alikuja kuwa Gavana Mkuu wa nchi yake. Upande wa Kenya kamati ya maandalizi iliongozwa na Eddah Gachukia.

Tatizo lilianza na neno "wazi". Mkutano wa serikali una wajumbe walioteuliwa; unajua idadi yao. Kongamano la mashirika lilikuwa wazi kwa yeyote. La kwanza, Mexico mwaka wa 1975, lilikuwa na watu wapatao 6,000. La pili, Copenhagen mwaka wa 1980, wapatao 8,000. Nairobi walikuja kati ya 12,000 na 15,000, kutegemea umemsoma nani. Hakukuwa na barua pepe. Kulikuwa na posta, teleksi, simu za waya na mashine za chapa. Jaribu kupanga vitanda vya watu ambao idadi yao utaijua tu watakaposhuka kwenye ndege.

Na vitanda havikutosha. Serikali ilitaka vyumba vya hoteli waachiwe wajumbe rasmi, na kwa muda ikaonekana kwamba wanawake wa mashirika watatolewa vyumbani walivyokuwa wameshikiwa. Kukawa na mvutano mkali. Barrow alisimama kidete na kuwatetea watu wake. Wengi walilala kwenye mabweni ya wanafunzi, wakabanana, na kongamano likaendelea. Nikiisoma habari hiyo namwona muuguzi akihesabu vitanda wodini: wagonjwa ni wengi kuliko vitanda, na hakuna anayerudishwa.

Mkitazama vizuri, mzozo ule haukuwa wa vyumba tu. Swali lilikuwa: kati ya waziri aliyekuja kusoma hotuba na mwanamke wa kijijini aliyechangiwa nauli, nani ni mgeni na nani ni msumbufu? Mpangaji wa malazi hujibu swali hilo kila anapoandika jina kwenye mstari, hata kama hajui kwamba anajibu.

Kuhusu ratiba sasa. Zilifanyika warsha zaidi ya 1,000 kwa siku kumi, katika vyumba vya mihadhara vya chuo. Sisi tuliosomea sayansi ya kompyuta tunajua kwamba kupanga ratiba ni miongoni mwa matatizo magumu katika taaluma yetu. Vyumba vikiongezeka kidogo na masharti yakiongezeka kidogo, hesabu inalipuka. Wao walipanga kwa mkono, na kila siku gazeti la kongamano lilitolewa kuwapa watu habari. Kwa lugha yetu, kila asubuhi mfumo ulitoa toleo jipya.

Kisha kulikuwa na kitu ambacho hakikuhitaji ratiba kabisa: Hema la Amani, lililosimamishwa kwenye nyasi za chuo. Humo wanawake kutoka nchi zilizokuwa vitani, Iran na Iraki, na Waisraeli na Wapalestina, waliketi na kuzungumza, wakati mwingine kwa makelele. Kulikuwa pia na maonyesho yaliyoitwa Tech and Tools, ya teknolojia inayofaa kazi za kila siku za wanawake. Nimefurahi kujua kwamba miaka arobaini iliyopita, mwendo mfupi tu kutoka mahali ninapopandia matatu, wanawake walikuwa wakijadili teknolojia ni ya nani.

Hema kwenye matope

Miaka kumi baadaye zamu ilikuwa ya Beijing. Miezi michache kabla ya kongamano la 1995, wenyeji walilihamisha kutoka jijini hadi Huairou, mji ulio takriban kilomita 50 nje. Watu wapatao 30,000 walifika, mvua ikanyesha, mahema yakazama kwenye matope. Umbali pia ni uamuzi. Ukimweka mtu kilomita 50 kutoka ukumbi wa maamuzi, hujamfukuza, lakini umemfanya achague kati ya warsha yake na kwenda kumkabili waziri wake.

Lakini Huairou kulikuwa na jambo la kutufurahisha sisi wa teknolojia. Mtandao wa APC uliweka kituo cha kompyuta na barua pepe kilichoendeshwa na timu ya wanawake watupu, wapatao 40, kutoka nchi nyingi. Wengi waliofika kituoni ndiyo mara yao ya kwanza kutuma barua pepe. Habari za kongamano zilifika nyumbani kabla ya wajumbe kurudi.

Kasarani, Januari 2007

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Jukwaa la Kijamii la Dunia lilipokuja Nairobi, tarehe 20 hadi 25 Januari 2007. Nakumbuka tu watu wazima wakilalamikia msongamano wa magari. Lilianza kwa maandamano kutoka Kibera hadi Uhuru Park, kisha likahamia uwanja wa michezo wa Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Makumi ya maelfu ya watu walihudhuria. Barabara kuu ya Thika tunayoijua leo haikuwapo; ilikamilika mwaka wa 2012.

Hili lilikuwa kongamano la kutetea maskini. Na langoni palikuwa na ada: Mkenya alitakiwa kulipa shilingi 500, karibu dola saba za wakati huo. Kwa kibarua wa Nairobi hizo zilikuwa zaidi ya ujira wa siku nzima, na hajahesabu nauli ya kufika Kasarani. Ndani, chakula na maji viliuzwa ghali, na wachuuzi wadogo walizuiwa. Watu wa mitaa ya mabanda ambao mada nyingi ziliwahusu walijikuta nje ya ua wakisikia majina yao yakitajwa ndani.

Hawakukaa kimya. Bunge la Mwananchi, kundi la wananchi wanaokutana kujadili mambo kwenye bustani ya Jeevanjee katikati ya jiji, liliandaa jukwaa lake pale pale Jeevanjee, bila kiingilio. Kasarani kwenyewe kulikuwa na maandamano langoni hadi watu wakaruhusiwa kuingia bure. Siku moja watoto wa mitaani walivamia hema la chakula cha bei ghali na kula walichokikuta. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima.

Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa waandalizi. Uwanja unalipiwa, stima inalipiwa, vyoo vinalipiwa. Shirika lisilo la kibiashara halina bidhaa ya kuuza ili lifidie hasara. Ada ilikuwa na sababu. Kosa, kwa maoni yangu, si kutoza ada. Ni kutoza ada moja na kumweka mlinzi langoni bila kumpa maagizo ya kufanya mtu asiyekuwa nayo akija. Ni kosa lile lile langu. Mfumo ulijua njia moja tu ya kuingia, na yeyote asiyeweza kuipita hakuwa na mahali pa kwenda isipokuwa ukutani.

Kitu kimoja cha pembeni: M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, miezi miwili tu baadaye. Wale wote walipanga foleni na noti mkononi. Leo tungewaambia walipe kwa simu, na tungejisifu kwamba tumemaliza tatizo la foleni. Lakini shilingi 500 ingebaki kuwa shilingi 500. Teknolojia ingeifanya foleni iende haraka, na waliobaki nje wangejua mapema zaidi kwamba wako nje.

Nilichorekebisha

Nilipotulia nilifungua kumbukumbu za seva yangu. Majina yote 43 yalikuwamo. Kila ombi lililotumwa na makatibu wale lilikuwa limeandikwa, na saa na dakika. Mashine ilijua kwamba mama wa Kwale anakuja. Ilijua tangu wiki tatu kabla. Mimi ndiye niliyeiagiza isahau.

Basi nimeandika upya. Kila mtu sasa ana nambari yake inayotolewa na mfumo. Simu ni mahali pa kumpata tu, na watu kumi wanaweza kutumia moja. Sehemu ya simu inaweza kuachwa wazi, na ya kitambulisho vile vile. Jina linaandikwa kwenye kisanduku kimoja, maana wapo wenye jina moja na wapo wenye manne. Mfumo haufuti rekodi. Ukiona kitu kinachofanana unamwuliza binadamu. Usiku wa kuamkia kongamano orodha yote inachapishwa kwenye karatasi, kwa sababu stima hupotea na mtandao hupotea. Chai haihitaji beji. Na kwa kila vitanda mia nawaomba waandalizi waache vitano bila majina.

Hilo la vitanda lilileta ubishi. Mhasibu wa shirika aliniuliza vitano hivyo ni vya nani. Nikamwambia sijui bado, ndiyo maana naviacha. Alikuna kichwa, lakini akaviweka kwenye bajeti.

Karani wangu mstaafu nimempigia simu kumweleza mabadiliko yote hayo. Alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja: "Na daftari je?" Nikamwambia lipo, na rula pia. "Haya basi," akasema, "sasa umeanza kujua kompyuta."

Kongamano lijalo ni mwezi wa nne. Kama kuna msomaji aliyekuwapo chuoni mwaka wa 1985, au Kasarani 2007, ndani au nje ya lango, tafadhali niandikie. Ningependa kujua ulilala wapi, na nani alikuandika jina.